Dada Hajui Ninachotaka Kusema

...meno ya juu yameshakaa kwenye mdomo wa chini, pumzi imefika hapo ikagoma, na neno lenyewe ni dogo tu, futa, nataka kumwambia dada aifute ile sauti, basi, lakini f imekwama, na dada ameinua uso kutoka kwenye simu yake, "Fulana? Unatafuta fulana?" fulana ninayo hapa mezani, dada, naipiga pasi mbele ya macho yako, "Au umefurahi? Sema umefurahi!" na kweli nimefurahi kidogo, hapo ndipo ninapochanganyikiwa, maana tangu jana alipoitupa kwenye mtandao wake mkubwa, ule wa kila mtu, wa harusi na mipira na matusi, maelfu wameisikiliza, wanaandika hongera mama, umetutoa machozi, na mmoja akaandika mimi pia nina kigugumizi, nilidhani niko peke yangu, huyo nimemsoma tena na tena, ikifutwa atabaki na nani... lakini sauti si yangu, wala si ya dada, ni ya Nesi, aliitoa kwetu, kwenye kikundi chetu cha wenye kigugumizi, hatufiki hata thelathini, tunaitana kwa kazi zetu, hatuandiki, tunatumiana sauti tu, na sheria ni moja, hakuna kummalizia mtu neno, hata chai ikipoa unasubiri, Kinyozi alitusimulia kichekesho kimoja karibu jioni nzima, kilikuwa kibaya mno, tulicheka mpaka mbavu zikauma, na humo ndimo Nesi alimotuambia habari ya binti yake, kwamba alimchagulia jina tangu yuko tumboni, siku ya kumwandikisha karani akauliza mtoto anaitwa nani, watu nyuma wanaguna, jina likagoma, akataja jingine lililokuja upesi, na binti amekua nalo, hajui lolote, juzi ndipo Nesi akatutamkia lile la kwanza, unasikia pumzi, unasikia kiti kinalia, kisha jina zima, na kwamba sasa atamwambia binti mwenyewe, ana kwa ana, akiweza... "Mdogo wangu, kuna mtu ameiwekea muziki, sikiliza!" sitaki kusikiliza, nilikuwa naisikiliza peke yangu hapa hapa, dada akasimama mlangoni akalia, nikajua ameelewa, kumbe alingoja niende kuoga ajitumie kutoka simu yangu, hana ubaya, dada hana ubaya hata chembe, ndiyo maana sijui nimkasirikie vipi, na binti ana simu, yuko kule kule kwa kila mtu, ataijua sauti ya mama yake hata kwenye muziki, na leo asubuhi Nesi ametuma maneno, ameandika, kwetu, ambako hakuna anayeandika, "Ni mimi yule?" na hakuna aliyejibu, wote wananingoja mimi bila kujua kwamba wananingoja mimi, f, shingo inauma, "Haya basi, utaniambia baadaye, usijitese," ndivyo ilivyo siku zote, nikiitikia kwa kichwa yanaisha, dukani alinisemea, shuleni alinisemea, mwalimu akiuliza rangi ninayoipenda dada alisema kijani, nikaitikia kwa kichwa, nina mashati ya kijani kabati zima na mpaka leo sijui kama naipenda kijani au ni yeye aliyemalizia, na wale maelfu kule ni akina dada watupu, wema wamewajaa, wameshaamua Nesi alitaka kusema nini kabla hajanyamaza... nimeisimamisha pasi, nimemshika mkono, ule wenye simu, anashtuka, mikono yetu yote ya moto, yule mgeni aliyedhani yuko peke yake nitamtafuta mimi mwenyewe, nimlete kwetu, aingie na kigugumizi chake, naogopa, Nesi huenda asiniamini tena na atakuwa na haki, sijui binti ameshasikia au bado, sijui, najua neno moja tu na liko hapa mdomoni, wala siitikii kwa kichwa, f, fff, dada amefungua mdomo anisaidie, kisha ameufunga.