Fagio la Tatu

Fagio lilianza tena kabla ya adhana ya alfajiri. Shwaa, shwaa, uani, kutoka mlango wa choo mpaka jikoni. Zamu ya kufagia ilikuwa ya Hyasinta, mpangaji wa chumba cha mwisho, lakini Hyasinta alikuwa amejikunyata miguuni pa mwenye nyumba, Bi Kuruthumu, kajifunika khanga gubigubi.

"Bibi, unasikia?"

"Nasikia, mwanangu. Ni Tatu huyo. Hana ubaya."

Kulipokucha uani kulikuwa safi, mistari ya chelewa mchangani, wala hapana unyayo hata mmoja.

Tatu ndiye aliyekaa chumba kile kabla ya Hyasinta. Akikaanga mihogo karibu na baa moja Kariakoo, hana mume, hana kitambulisho cha kazi. Alifagia zamu yake na za wenzake, na maji ya kuoga ya Bi Kuruthumu aliyapasha kwa mkaa wake mwenyewe. Lakini siku zile neno lilikuwa jepesi midomoni. Kijana wa suruali pana, mhuni. Asiye na kazi, mhuni. Mwanamke anayerudi magharibi imeshaingia, huyo ndiye mhuni hasa. Msako wa serikali wa kuwapeleka wahuni mashambani ulipopita, balozi wa nyumba kumi, Mzee Mwinyimvua, alinyoosha kidole mlangoni: "Humu mna mhuni mmoja." Tatu akapandishwa karandinga na ndala mguu mmoja. Ya pili Bi Kuruthumu aliiokota kizingitini, akaiweka chini ya kitanda chake.

Huko shambani alikopelekwa, homa ikamwua. Habari ilipofika, mtaa haukutandika hata mkeka. Walisema mhuni hana wa kumlilia.

Asubuhi hiyo ya fagio, Bi Zamzam wa nyumba ya pili aliingia akihema. "Msako umerudi! Balozi keshamtaja Hyasinta. Mfiche, shoga, mpeleke Ilala."

"Kwa nani? Watu wake wako Masasi."

Hyasinta alifanya ishara ya msalaba. Bi Kuruthumu alimtazama, kisha akatazama uani.

"Toeni mikeka."

"Mikeka ya nini?"

"Ya matanga. Tatu hajakaliwa matanga."

"Mtu kafa tangu mwaka jana! Watasema uzee umekupanda kichwani."

"Na waseme. Mimi nalia leo."

Bi Zamzam aliondoka akiguna. Akarudi na sukari aliyoipangia foleni tangu alfajiri ya juzi, akaiweka jikoni. Wanawake wakaja, mmoja mmoja, wengine kwa haya, wengine kwa chai. Wakakaa chini kuanzia barazani mpaka ndani, Hyasinta katikati yao, kajitanda khanga kama wao.

Mzee Mwinyimvua alifika na wanamgambo wawili. Akasimama. Hakuna mtu mtaani pale aliyewahi kumtoa mtu matangani.

"Nani kafariki?"

"Mwanangu," alisema Bi Kuruthumu.

"Wewe huna mtoto."

"Ninaye. Tatu."

"Yule mhuni?"

"Nitajie uhuni wake, Mzee Mwinyimvua. Aliiba? Alimtukana mkubwa? Alimnyima nani maji? Kama huujui, usinitusie maiti wangu nyumbani kwangu."

Kabla hajajibu, kutoka uani, mchana kweupe: shwaa, shwaa.

"Nani anafagia?" aliuliza balozi.

"Wote tuko hapa."

Balozi akainama karibu na sikio la bibi. "Kwangu hufagia mlangoni," alinong'ona. "Kila alfajiri."

"Mzee, mhuni mwenyewe yuko wapi?" mwanamgambo mmoja aliita.

Mzee Mwinyimvua alivua viatu. Akavua na kofia, akakaa pembeni ya mkeka. "Nyumba hii haina mhuni. Ina msiba. Nendeni."

Fagio likanyamaza. Hyasinta mwenyewe ndiye aliyempelekea chai, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Alfajiri ya kuondoa matanga Bi Kuruthumu aliamka akasikiliza. Uani kimya. Hyasinta, bila kuambiwa, akatoka kufagia. Safari hii nyayo zake zilionekana mchangani.

Bi Kuruthumu akainama, akapapasa chini ya kitanda. Akapapasa tena, mpaka ukutani. Ndala haikuwapo.

"Haya, mwanangu," alisema taratibu. "Nenda nazo zote mbili."