Mtutu wa Urho

Noti ya dola moja ilikwama. Reino Lahti aliivuta, akaipenyeza tena chini ya mtutu, akaisukuma taratibu kwa vidole viwili. Ikapita kidogo, ikagota palepale, kati ya chuma na mti. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yake, bunduki magotini, na hapo ndipo uso wake ulipoanza kuwaka kwa aibu.

Katika klabu yao ya shabaha hakuna asiyelijua jaribio hilo. Noti ikiteleza toka mdomo wa mtutu hadi karibu na komeo, pale risasi inapoingizwa, bila kugusa kitu, basi mtutu uko huru, haubanwi na mti unaoubeba, na risasi itakwenda inakotumwa. Ikikwama, aliyeunda bunduki asimlaumu mtu. Reino alilifanya jaribio hilo Februari, katika chumba cha chini ya nyumba, jiko la kuni likiunguruma pembeni, na noti ikateleza kama sabuni. Hakulirudia. Kiangazi kilipofika na ukungu wake wa ziwani, mti uliokaushwa na jiko ulikunywa unyevu, ukavimba, ukaubana mtutu ubavuni.

Ulikunywa kwa sababu yeye mwenyewe aliuacha na kiu. Bunduki ile aliiunda kwa mkono wa birika na kwa majigambo mengi: komeo alilichomoa kwenye bunduki kuukuu ya mnadani, mti ulikuwa kaunta ya baa iliyofungwa, na mtutu, kitu pekee cha maana, aliuziwa kwa bei ya urafiki na Urho Niemi, aliyekuwa fundi wao wote kabla moyo wake haujasimama ghafla. Vanishi ilipobaki nusu kopo, Reino aliimalizia nje, akapaka na kupiga msasa, akapaka tena, mpaka mti ukang'aa. Mfereji wa ndani anamolala mtutu akauacha mkavu. Nani angechungulia humo? Kopo jingine aliliona ni anasa.

Kisha yakaja mashindano ya kiangazi. Risasi zake zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Gordy Trembath, ambaye hajawahi kukosa la kusema, aliitazama shabaha kwa darubini, akaguna.

"Mzee, hapo ulikuwa unalenga au unamwagilia bustani?"

Watu wakaangua kicheko. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Reino aliinuka, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye meza ya chakula:

"Si mimi! Ni huu mtutu wa Urho. Umeoza ndani. Marehemu alikuwa anatuuzia mabaki, sisi rafiki zake."

Kwenye meza hiyo alikuwapo Aili, mjane wa Urho, akimimina kahawa. Aliiweka chupa chini polepole, akavua aproni yake, akaenda zake. Hakuna aliyemfuata.

Sasa, pale kwenye ngazi, Reino alijua kwamba angeweza kunyamaza. Angechonga mfereji kidogo, angeupaka vanishi, na bunduki ikianza kupiga sawasawa angesema amepata risasi bora zaidi. Wazo hilo lilimjia kwa upole, akakaa nalo muda mrefu, akalipenda. Kulipenda huko ndiko kulikomwaibisha kuliko kosa lenyewe. Urho hakuwa tena na mdomo wa kujitetea. Reino aliingia ndani ya pikapu kabla hajabadili nia, akaelekea kwa Aili.

Aili alifungua mlango hata kabla hajabisha.

"Karibu, shemeji. Kumbe umenitangulia, nilikuwa nakuja kwako." Mezani palikuwa na mkate wa iliki, bado wa moto, umefunikwa kwa kitambaa. "Huu ni wako. Sikujua kama Urho alikuuzia kitu kibovu. Nisamehe. Angekuwapo mwenyewe, angeona haya."

"Aili, ngoja kwanza..."

"Niache nimalize. Nimepita kwa Gordy, kwa akina Heikkinen, kwa kila aliyechukua mtutu kwake. Nimewaomba radhi wote."

Reino aligeukia dirisha. "Na ile mitutu iliyobaki bandani kwake?"

"Lori la vyuma chakavu lilipita Ijumaa. Nikaona afadhali iyeyushwe kuliko kumdhulumu mtu mwingine."

Dirishani mlango wa banda ulionekana wazi. Ukutani palikuwa na misumari tu, na chini ya kila msumari mstari mweupe ambapo vumbi halikuwahi kufika. Reino aliona aibu mpaka masikio yakamvuma.

"Mtutu wa Urho ni mzima," akasema. "Kosa ni langu. Mti ndio uliovimba, na mimi ndiye sikuupaka vanishi ndani. Mumeo hakunidhulumu chochote."

Aili aliketi, akaulainisha mkunjo wa kitambaa cha meza, akaulainisha tena.

"Ulijua?"

"Nimejua leo asubuhi."

"Lakini siku ile ulisema kama mtu anayejua."

Reino aliusukuma mkate urudi upande wa Aili.

"Alikuwa akipiga mluzi kila anapokereza mtutu," Aili akasema. "Ukiwa na dosari hata ndogo, mluzi ulikatika, na mtutu haukutoka bandani. Nilikuwa nausikia kutoka jikoni humu. Nilijua kazi yake, Reino. Nikayaacha niliyoyasikia kwa masikio yangu, nikakuamini wewe, kwa sababu yeye alikuita rafiki."

"Nitakwenda kwenye vyuma chakavu kesho alfajiri. Huenda bado..."

"Havipo. Usinipe tena maneno." Aliinuka, akachukua koti. "Washa gari."

Mbele ya nyumba ya Gordy, Aili alishuka wa kwanza, akapanda ngazi, akabonyeza kengele mwenyewe. Reino alipomfikia, Aili alimpisha mlangoni, akarudi chini hadi kwenye majani. Mlango ukafunguka.

"Mzee!" Gordy akasema, mdomo umejaa chakula. "Na Aili pia? Kulikoni Jumapili hii?"

Reino alivua kofia. Sauti ilimtoka nyembamba, maneno yakamwishia kifuani. Aligeuka, kama mtu anayeomba msaada.

Aili alikuwa amekunja mikono, akimtazama.

"Sema kwa sauti," akamwambia. "Kama siku ile."