Mistari Mitatu Kuhusu Kibuyu

Katika kituo kile cha kulelea watoto wa tembo waliofiwa na mama zao, kulikuwa na sheria moja iliyobandikwa kwenye mlango wa jiko la maziwa. Kila mlezi mpya alisomewa kabla hajapewa viatu vya mpira: hakuna mtu kumlisha mtoto mmoja siku mbili mfululizo. Msimamizi wao, mwanamke mnene wa mwili na mkavu wa maneno, ambaye wote walimwita Mama Mkubwa, hakuipamba sababu yake.

"Mtoto akimzoea mtu mmoja, siku mtu huyo akiugua, mtoto anagoma kunywa. Akigoma siku nne, tunachimba shimo. Nimeshachimba saba. La nane sitaki."

Blanketi aliisikia sheria hiyo miaka kumi na moja iliyopita, na aliishika vizuri tu mpaka alipokuja Tope.

Jina la Blanketi alipewa kazini. Mtoto mchanga wa tembo hanyonyi chupa hivi hivi. Anataka kuegemeza mkonga wake juu ya kitu kipana chenye joto, adhani ni tumbo la mama. Kwa hiyo walezi hutundika blanketi kwenye kamba, mmoja anasimama nyuma yake na chupa anaipenyeza chini. Wengi walimwaga maziwa wiki nzima kabla ya kuuweza mchezo huo. Yeye aliuweza siku ya kwanza, na akawa anajivuna nao kama fundi cherehani anavyojivunia mkasi wake.

Tope aliletwa akiwa na miezi miwili. Walimchomoa kwenye bwawa lililokuwa linakauka, mama yake amekufa hatua chache kutoka hapo. Alikuwa mifupa na masikio tu. Blanketi ndiye aliyemnywesha chupa ya kwanza, lakini aliyemfanya aishi alikuwa Kibuyu.

Kibuyu alikuwa jike la miaka mitatu, kichwa kikubwa cha mviringo, sikio moja limechanika. Majangili walimuua mama yake mbele yake, na mwaka mzima alikuwa hataki mtu wala tembo mwenzake. Asubuhi ile Tope alipotolewa uwanjani akitetemeka, Kibuyu aliacha majani yake, akaja moja kwa moja, akamtia ncha ya mkonga mdomoni, kama tembo wanavyosalimiana. Tope akalishika lile sikio lililochanika, akaanza kulinyonya. Kibuyu akatulia tuli.

Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete. Jua likiwa kali, Kibuyu alisimama upande wa jua ili mdogo wake apate kivuli. Wakienda kuoga matope, aliwazuia madume wakorofi kwa makalio yake. Tope naye, chupa ikiisha tu, alimgeuzia Blanketi mgongo na kukimbia kwa Kibuyu, mkia juu, maziwa yanamchuruzika kidevuni. Wala hakugeuka nyuma.

Hilo ndilo lililomchoma Blanketi.

Tuseme ukweli, mtu mzima kumwonea tembo wivu ni jambo la kuchekesha, na yeye mwenyewe mwanzoni alijicheka. Lakini nyumbani kwake hakukuwa na mtu. Mke aliondoka miaka sita iliyopita, akamchukua binti yao wa pekee, na neno lake la mwisho mlangoni lilikuwa, "Baki na tembo wako." Alibaki nao kweli. Sasa amepata mmoja anayemnyonya vidole na kumsukuma mapajani akitaka kubembelezwa, na huyo naye, akishashiba, ana kwake pa kwenda.

Akaanza kubadilisha zamu kichinichini. Mwenzake mmoja, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwahi kunyamaza, alikuwa tayari kumwachia zamu za Tope ili apate Jumapili zake.

"Wewe na huyo mtoto," Redio alimwambia wakisafisha chupa, "mahari unapeleka lini?"

"Osha chupa, wewe."

"Nakutania tu. Ila Mama Mkubwa akijua, atatuchuna ngozi sote wawili."

Mwezi mmoja baadaye Mama Mkubwa aliwakusanya mbele ya jiko. Kambi ya porini, ambako watoto waliokua hupelekwa kujifunza maisha ya mwituni, ilikuwa na nafasi ya mmoja. Lori lingekuja Ijumaa.

"Ningempeleka Kibuyu, umri umefika," alisema. "Lakini yule mdogo anamtegemea. Acha abaki mwaka mmoja zaidi. Tutapeleka dume mmojawapo."

Walezi wakaitikia, wakatawanyika. Blanketi alibaki ameshika toroli lake la mavi, anamtazama Tope analala usingizi wa mchana katikati ya miguu ya Kibuyu.

Asubuhi ya Jumatano Tope aliteleza kwenye sakafu iliyolowa wakati Blanketi anaosha banda kwa mpira wa maji, akajigonga mlangoni, akawa anachechemea. Haikuwa kitu, mpaka saa nne alikuwa ameshasahau. Lakini Blanketi aliingia jikoni, akavuta daftari la zamu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule:

*Kibuyu amemsukuma Tope mlangoni kwa nguvu.*
*Tope anachechemea mguu wa mbele wa kulia.*
*Hii ni mara ya tatu.*

Mama Mkubwa aliisoma mistari hiyo jioni amesimama. Akamwita.

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, Mama Mkubwa."

"Mara tatu?"

"Mbili za kwanza nilinyamaza. Nilidhani ni michezo ya watoto."

Alichukua kalamu. Kisha akatia saini, akalifunga daftari, akasema Ijumaa ataondoka Kibuyu.

Ijumaa lori likaja. Kibuyu hakutaka kupanda. Waliweka majani, wakaweka matunda, akagoma, mpaka Redio akasema apande mtu anayemwamini. Basi Blanketi akapanda na chupa mkononi, akamwita kwa ile sauti ya chini aliyomzoesha tangu mdogo. Kibuyu akamfuata. Alipanda ule ubao mguu mmoja mmoja, akaingia mpaka ndani, akaanza kunywa. Blanketi akapenya pembeni, akashuka, akafunga mlango wa nyuma na kusukuma komeo kwa mikono yake miwili.

Hapo ndipo Tope alipoelewa. Alipiga ukelele ambao hakuna aliyemdhania kuwa nao, akamkokota Redio aliyekuwa amemshika mpaka akamwangusha. Kibuyu akaitupa chupa, akatoa mkonga kwenye nafasi kati ya vyuma. Tope akanyoosha wake. Ncha zikagusana, zikashikana kidogo. Dereva, ambaye alikuwa na safari ndefu na hakuwa na hili wala lile, akawasha gari.

Siku tatu Tope alizunguka kituo kizima akinusa. Aliingia banda la Kibuyu, akasimama kwenye nguzo ya mlango ambako mwenzake alizoea kujikuna, akainyonya ile nguzo kama alivyokuwa akinyonya sikio. Siku ya nne akaacha, akaja kwa Blanketi, akamwegemea kwa uzito wake wote.

Blanketi hakuwahi kuwa na furaha kama ya wiki zile. Akienda stoo, Tope nyuma. Akienda chooni, Tope anamsubiri mlangoni, akichelewa anaugonga mlango kwa kichwa. Akawa anamnyonya kiwiko cha koti mpaka kitambaa kikachakaa. Redio alijaribu kumnywesha mara mbili, Tope akaitema chupa.

"Kaka, hili si jambo zuri," Redio alisema, na safari hii hakutania.

"Redio nyingine huwa zinazimwa."

"Mimi nimesema."

Wiki ya saba, Blanketi alianguka kifudifudi mbele ya jiko la maziwa, ameshika tumbo. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Walimfikisha hospitali akiwa anaweweseka, wakampasua siku hiyo hiyo, na alipopata fahamu daktari akamwambia hatoki kabla ya siku nane.

Kila mchana Redio alimpigia simu.

"Anakunywa?"

"Anakunywa kama mlevi siku ya mshahara. Wewe pona."

"Analala vizuri?"

"Anakoroma kukushinda."

Siku ya tatu binti yake alikuja kumwona. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, na alikuwa amebeba supu kwenye chupa ya chai. Alivuta kiti, akammiminia, akamshikia bakuli. Blanketi alikunywa huku anazungumza. Alimweleza jinsi Tope alivyopatikana, jinsi anavyoujua mwendo wake, jinsi alivyouma sweta la mgeni mmoja. Alicheka mpaka mshono ukamuuma. Binti alisikiliza mpaka supu ikaisha.

"Baba," alisema akifunga kifuniko, "nimekaa hapa saa nzima. Hujaniuliza nasoma wapi. Hata kama nasoma."

Blanketi akaona haya kweli. "Nisamehe, mwanangu. Niambie, unasoma wapi?"

"Chuo cha ushonaji. Mwaka wa pili. Mwezi ujao nina—"

Simu iliyokuwa kwenye kimeza ililia. Ilikuwa saa ya Redio kupiga. Mkono wa Blanketi ulitoka wenyewe, ukaishika kabla hajafikiri.

"Anakunywa?"

Alipoinua macho, binti alikuwa ameshavaa mkoba wake begani. Hakugomba. Alimpangusa baba yake tone la supu kidevuni kwa kidole gumba, akatoka, na hakurudi tena wodini.

Siku ya saba Blanketi alijiondoa mwenyewe, akasaini karatasi ya kukataa ushauri wa daktari, akafika kituoni saa sita mchana amejishika ubavu. Walezi walikuwa wanakula chini ya paa la stoo. Wakaacha kutafuna. Redio alisimama, akamsogezea kiti.

"Yuko wapi?"

"Kaka, kaa kwanza."

"Yuko wapi, Redio?"

"Tumemzika jana asubuhi."

Blanketi alishika nguzo. "Si ulisema anakunywa?"

"Ulikuwa umetoka kupasuliwa. Mama Mkubwa alisema ukijua utatoroka, mshono ukufumukie njiani. Hakuonja kitu tangu siku uliyoanguka. Tulijaribu wote. Tulivaa mpaka koti lako. Daktari wa mifugo alimtundikia maji kwenye mshipa, akayang'oa."

Blanketi akafuta uso kwa kiganja. Katikati ya maumivu yale, mahali fulani ndani yake, palikuwa na kitu kingine kilichotaka kusikia zaidi, na akauliza.

"Alikuwa ananingoja mlangoni kwangu?"

Redio angeweza kudanganya tena. Alikuwa ameshazoea wiki nzima. Lakini alikuwa amechoka.

"Hapana. Alikwenda banda la Kibuyu. Alisimama pale kwenye nguzo, anainyonya, siku zote tano. Tulipomtoa alirudi. Alifia pale pale."

Mchana huo Blanketi aliingia ofisini kwa Mama Mkubwa bila kubisha hodi.

"Nilidanganya kwenye daftari. Kibuyu hakumgusa. Aliteleza mwenyewe."

Mama Mkubwa hakuacha kuandika. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Kibuyu asukume mtoto? Mimi nimemlea yule."

"Sasa mbona ulisaini?"

Akaiweka kalamu chini. "Kwa sababu asubuhi ile nilipigiwa simu kwamba wanakuja yatima watatu, na mabanda sina. Kumtoa dume mmoja kusingenisaidia, wale wanalala wawili wawili; banda la Kibuyu lingewatosha wote watatu. Nilikuwa natafuta sababu ya kumwondoa Kibuyu bila dhamiri kunisuta. Wewe ukaniletea, tena kwa mwandiko mzuri. La nane tumelichimba mimi na wewe. Wewe hukuwepo tu."

Blanketi alidhani atafukuzwa, na alikuwa tayari. Mama Mkubwa akamwambia kambi ya porini ina upungufu wa mtu mmoja, aende na lori la Jumatatu.

"Mama Mkubwa, kokote kule. Si huko."

"Sikuadhibu. Wana upungufu wa mtu."

Alifika kule akiwa na begi moja na koti lake la kazi. Kundi lilikuwa linarudi kutoka malishoni. Kibuyu alisimama, akainua mkonga hewani, kisha akaja mbio, masikio yamefunguka. Walezi wa kule wakacheka kuona furaha ile. Blanketi akasimama wima, mikono pembeni.

Kibuyu alimnusa usoni. Akamnusa kifuani, akashuka mpaka kwenye kiwiko cha koti pale palipochakaa, akabaki hapo. Akavuta pumzi, akavuta tena, akatoa mngurumo mdogo wa kuita. Kisha akampita, akaenda kwenye lori. Akaingiza mkonga, akaipapasa sakafu kutoka mwanzo hadi mwisho, kila kona, chini ya turubai. Akarudi kwa Blanketi, akatia ncha ya mkonga kwenye mifuko yake, mmoja baada ya mwingine.

"Huyu anakupenda, mzee," mlezi mmoja alisema. "Ulimfanyia nini?"

"Nilikuwa namnywesha maziwa," Blanketi alijibu.

Lori lilipoondoka jioni, Kibuyu alilifuata mpaka kwenye uzio, akasimama huko akiita. Kesho yake alikuja tena kumpekua, na keshokutwa. Siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alimpita Blanketi kama anavyopita kichaka, akaenda kula na wenzake, na miaka yote minne aliyofanya kazi pale hakuipokea chupa kutoka mkononi mwake hata mara moja.