Asilimia Kumi na Nne

"Sifuri!" nilipaza sauti dirishani.

Mume wangu alikuwa juu ya paa, spana mkononi, akilizungusha dishi. Mimi nilikuwa sebuleni mbele ya televisheni, nikimsomea asilimia za mawimbi. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka ishirini na sita, yeye fundi wa madishi na mimi sauti yake. Mtaa mzima unatujua kwa kelele hizo. Mwalimu wa nyumba ya pili hupenda kusema kuwa sisi tunagombana kwa asilimia.

"Na sasa?"

"Sifuri!"

"Unatazama kweli, au unabahatisha?"

"Natazama, na ni sifuri!"

Picha ilikuwa imepotea tangu Ijumaa, na saa kumi jioni hiyo ilikuwa fainali ya mpira. Wanetu walishauri tumwite kijana wa kampuni ya ving'amuzi. Lo! Ungedhani wamemtukana baba yao. Fundi mzima aitiwe fundi nyumbani kwake?

Lakini ile sifuri ilinitia shaka. Dishi likizungushwa asilimia hubabaika, mara tano, mara tisa, mara zimeshuka. Hizi hazikutikisika hata kidogo. Nikaivuta meza ya televisheni, nikachungulia nyuma ya king'amuzi. Pale pana matundu mawili yanayofanana, moja la kuingizia mawimbi na moja la kutolea, na kila moja limeandikwa. Waya wa dishi ulikuwa umefungwa kwenye la kutolea.

Ijumaa ile aliufungua waya huo mwenyewe ili afute vumbi, akanikataza nisiguse. Kosa hilo ndilo alilokuwa akiwasimulia wageni, jinsi wateja walivyomwita atoke mbali kuja kuhamisha waya, na alicheka hadi machozi. Asingelifanya kamwe kama angeona. Hapo ndipo mengine yote yaliponijia: chai aliyoimimina pembeni ya kikombe, gazeti alilolikunja bila kulifungua, siku ile alipolikaribisha ndani koti langu lililotundikwa mlangoni. Nilimcheka sana siku hiyo. Mume wangu alikuwa haoni, na alikuwa juu ya paa.

Nilitaka kupiga ukelele ashuke, nikaumeza nisimshtue. Halafu, nisiseme uongo, nilimwonea uchungu. Ningemshusha wakati ule angeshuka fundi aliyeshindwa na dishi lake mwenyewe. Nikauhamisha waya.

"Kumi na nne!"

Paa likalia chini ya mguu wake.

"Umesema?"

"Kumi na nne! Vuta kulia, taratibu, na miguu usiiondoe hapo ilipo!"

Akavuta. Ishirini na tisa. Hamsini na mbili. Nilisoma kwa umakini ambao sikuwahi kuwa nao.

"Themanini na moja! Kaza nati, Fundi. Nakuja kushika ngazi."

Alishuka akipapasa kila kipandio kwa vidole vya miguu. Nilivihesabu vipandio kimoyomoyo, vinane, mpaka akakanyaga ardhi. Alinawa, akaketi kwenye kiti chake. Wachezaji walikuwa wanaingia uwanjani.

"Ni upepo tu," nikasema. "Utakuwa ulilisogeza dishi."

"Upepo," akaitikia. Alikuwa akiifuta spana kwenye suruali, na haikuwa chafu. "Mama watoto, uliposema kumi na nne, mkono wangu ulikuwa umetulia. Sikuwa nimegusa kitu."

Nikapunguza sauti ya televisheni.

"Waya ulikuwa tundu gani?"

"La kutolea."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Jicho la kulia limezimika tangu mwaka jana. Hili la kushoto naona ukungu."

"Na ukapanda paa!" Hasira zilinipanda. "Je, ungeanguka? Niambie, mwanamume wewe, ungeanguka ningefanya nini mimi?" Nikalia pale pale, wala sikuona haya.

"Kule juu kila kitu nakijua kwa mikono," akasema. "Na wewe nilikuwa nakusikia."

"Kesho kwa daktari wa macho. Na sitaki neno."

"Nimesema neno?"

Aliinyoosha ile spana upande wangu, akangoja mpaka nikaipokea. Ilikuwa bado na joto la mkono wake.

Filimbi ikapulizwa. Aliugeuza uso kwenye televisheni, kama alivyoketi kila Jumapili mwaka mzima, akishangilia pale tu niliposhangilia mimi.

"Mpira uko wapi?" akauliza.

Nikasogeza kiti changu karibu na chake.

"Kushoto," nikamwambia. "Kushoto kidogo. Ngoja."