Kovu la Shavu la Kulia

Niliporudi nyumbani kutoka chuoni, bibi alikuwa ameacha kabisa kusimulia habari za marehemu babu. Picha yake ilikuwa palepale ukutani, juu ya cherehani: kijana aliyevaa koti jeusi na tai, nywele zimelazwa, uso laini kama yai lililomenywa. Hiyo ndiyo picha pekee tuliyokuwa nayo. Mjomba wangu, mwenye studio ya picha pale mtaani, alitaka kuikuza na kuitia fremu mpya.

"Koti lile halikuwa lake," bibi aliniambia asubuhi moja, akihangaika kupitisha uzi kwenye sindano. "Lilikuwa la studio. Mtaa mzima ulipigwa picha nalo. Jirani yetu mwenye kitambi, koti lilimkatalia kufunga, ikabidi alishike mbele kwa mkono kama mtu anayeumwa."

Nilicheka. "Na uso, bibi? Uso ni wake?"

Uzi ulikosa tundu. Akaushusha mapajani.

"Mimi nilikuwa nikisema alikuwa na kovu. Shavu la kulia, nadhani. Mjomba wako akaniambia, mama, tazama picha, kovu liko wapi? Nikatazama. Kweli, halipo. Sasa nikifumba macho namwona huyu wa ukutani tu. Labda kovu nililitunga mwenyewe, mjukuu wangu. Na kama nililitunga hilo, sijui na mengine mangapi."

Hakulia. Alirudia kutafuta tundu la sindano, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Chuoni nilijifunza kuchonga picha kwenye ubao na kuzichapa kwa wino. Siku za maonyesho nilipenda kusimama pembeni na kusikiliza watu. Mbele ya picha ya kamera walisema, "Huyu mama ana huzuni." Mbele ya chapa ya mama yuleyule walisema, "Amemchora mwenye huzuni." Ya kwanza waliiamini papo hapo wakapita. Ya pili waliibishia, na wakati wa kubisha walikaa nayo. Nilikuwa nikitafakari jambo hilo siku nyingi bila kujua litanifaa wapi.

"Bibi," nikasema, "nisimulie babu alivyokuwa. Nitamchonga."

Alinisimulia kwa mashaka, kila sentensi ikiisha na "nadhani". Masikio yaliyochomoza, nadhani. Jicho moja dogo kuliko lingine akicheka, nadhani. Nilichora kwa penseli, nikaweka kovu shavu la kulia, nikahamishia mchoro kwenye ubao, nikachonga taratibu barazani huku vumbi la mbao likiniganda kwenye nyusi.

Mjomba alipokuja kula mchana alinikuta napaka wino kwa rola. Wateja wake humwita Cheka Kidogo, kwa sababu ndilo neno lake kabla ya kubonyeza kamera.

"Msomi! Muda wote ule chuoni, kumbe unasomea kuchonga mihuri?"

"Karibu mjomba. Ngoja nikupige muhuri wa paji la uso."

Nililaza karatasi juu ya ubao, nikaisugua kwa mgongo wa kijiko, kisha nikaibandua. Babu alitoka mweusi na mweupe, masikio nje, jicho moja limefinywa. Nikamwekea bibi mezani.

Mjomba aliinamia karatasi huku akitafuna. "Umejitahidi. Lakini huu ni mchoro. Mama akikwambia alikuwa na kovu, unaweka kovu. Akikwambia alikuwa na pembe, utaweka pembe. Kamera haiambiwi kitu."

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Baba yake alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na picha ile ndiyo baba aliyemjua.

"Siyo hapa!" bibi alisema ghafla.

"Nini, mama?"

"Kovu. Ameliweka shavu la kushoto. Siyo hapa!"

Nikatazama: kweli, kushoto. Ukichonga ubao lazima mchoro uugeuze kwanza, maana karatasi hukupa kila kitu kinyume: kulia huwa kushoto. Hilo hufundishwa wiki ya kwanza, nami nilikuwa nimelisahau. Nikafungua mdomo nijieleze, lakini bibi hakuwa na habari nami. Alikuwa ameshasimama. Akamshika mjomba kidevu, tonge likiwa bado shavuni, akamgeuza uso.

"Nilikuwa namnyoa mimi. Naanzia huku, kulia." Kidole gumba chake kilivuta ngozi ya shavu la mwanawe. Kidole cha mkono mwingine kikateremka kama wembe, kikafika mahali, kikainuka, kikaruka, kikatua chini yake. "Hapa wembe unaruka. Mara ya kwanza nilisahau, damu ikamtoka. Akaniambia, 'Mke wangu, kama umenichoka si useme tu.'"

Akacheka. Hakusema "nadhani".

Mjomba hakucheka. Alimeza tonge, akakitazama kile kidole kilichoruka, akatoka bila kumaliza chakula.

Alirudi na bahasha kuukuu. Fundi aliyemwachia studio alimwachia pia masanduku ya negativu za zamani, zile filamu zinazosafishiwa picha, na mjomba alikuwa ameitoa ya baba yake ili aikuze. Akaiinua dirishani.

"Msomi, njoo uone. Hapa, shavu la kulia."

Palikuwa na vistari vyembamba vya kijivu, vimepangwa kwa subira, kama nyasi.

"Penseli," alisema polepole. "Mafundi wa zamani walifanya hivi. Chunusi, mikunjo, makovu, wanajazia kwenye negativu, na picha inatoka safi. Hata mimi nilifundishwa. Nimewalainisha watu wote wa mtaa huu, sikuwahi kufikiri kwamba na yeye..." Akageuka. "Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Hata mimi niliiamini kuliko nilivyojiamini."

"Naweza kuifuta penseli. Kovu litarudi."

Bibi aliitazama picha ukutani kwa muda. "Iache. Siku ile alitaka kuwa laini, naye alikuwa kijana. Ikuze hivyohivyo."

Nilikuwa nimeanza kukunja chapa yangu yenye kosa. Nikamwambia nitachonga ubao mwingine, huu nitautupa.

"Hebu niuone huo ubao."

Niliufuta wino kwa kitambaa, nikampa. Kwenye ubao wenyewe babu hakuwa kinyume. Sikio lake, jicho lake, na kovu, mfereji mwembamba niliouchimba kwa patasi, vyote vilikuwa upande wake. Bibi akauweka ubao mapajani, akafumba macho, akapitisha kidole gumba shavuni, taratibu, kutoka juu.

"Hapa," alisema, na kidole kikaruka.