Kanga Niliyoifua kwa Sabuni ya Mwenyekiti

Jumanne, tarehe 6 Machi 1984, asubuhi, niliifua kanga ya marehemu mke wangu Salvina, na kuanzia saa hiyo nyumba yangu ikaharibika.

Wa kulaumiwa ni Otmar, mwenyekiti wetu wa kijiji. Sabuni ilikuwa haionekani karibu nusu mwaka. Lori likija kutoka Kahama, miche ya sabuni inapita kwanza kwake, halafu kwa shemeji zake, ndipo sisi wengine tunapanga foleni tugombee vipande. Jana yake alinipa kipande kama kidole gumba, akasema mbele za watu, "Baba Limi, watoto wako wananuka. Kawafulie." Watu wakacheka. Mimi niliishia darasa la pili, lakini dharau naijua bila kusomewa.

Nikaenda kisimani, nikaifua ile kanga kwa hasira mpaka maji yakatoka meupe.

Sikujua nilichokuwa nakiondoa. Salvina alifariki siku ya nne baada ya kujifungua, kwenye zahanati yenye mlango na kufuli na dawa hakuna. Aliniachia Jilala, ambaye sasa alikuwa na miezi mitano, na dada yake Limi, wa miaka minane. Mimi nikiwa shambani, Limi ndiye aliyemnywesha mdogo wake maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, amemfunika kwa kanga hiyo. Wakilala, wanalala humo wote wawili. Mimi niliona nguo tu.

Limi aliivuta kambani, akajifunika nayo usoni. Akanusa. Akageuza upande wa pili, akanusa tena.

"Baba, mayu yuko wapi?" Mayu, ndivyo alivyomwita mama yake.

"Mama yako alishafariki, Limi. Unajua."

"Alikuwa humu." Akaweka kijiko chini. "Mnyweshe wewe."

Jilala akakataa. Nilimpa maziwa asubuhi, akatema. Mchana akatema. Jioni hata kutema akachoka, akafumba mdomo tu. Limi amekaa mlangoni, ametupa mgongo.

Kesho yake akaja Mama Cornel, jirani anayetupa maziwa. Akampapasa mtoto kichwani.

"Utosi umebonyea, Baba Limi. Huyu asipokunywa leo utamzika."

"Sabuni ya Otmar hiyo, imeondoa harufu ya mama yao! Angeniacha na—"

"Otmar yuko wapi hapa? Mbebe mtoto."

"Mimi?"

"Ulidhani Salvina alizaliwa na harufu ile? Lilikuwa jasho, ulikuwa moshi. Mfunge mgongoni, ukalime."

"Mwanamume mzima, na kanga?"

"Haya, basi chukua jembe ukachimbe kaburi."

Ndipo Limi akainuka mlangoni, akaja na kanga mkononi. "Inama, Baba." Akampandisha mdogo wake, akaivuta kanga, akaifunga kifuani kwangu fundo lilelile la mama yake.

Siku hiyo kulikuwa na palizi kwenye shamba la pamba la kijiji, na asiyefika anafungiwa ofisini. Wanaume waliponiona, Marcel, fundi baiskeli, akapiga kigelegele.

"Hongera, mzazi! Umejifungua lini?"

"Mama Limi mpya huyo!" akadakia mwingine.

Otmar akaja na daftari lake. "Hapa ni shamba la kijiji, si kliniki."

"Mwenyekiti, uliniambia nifue, nikafua. Sasa niache nichafue."

Nikainama, nikalima. Jilala alilia mpaka sauti ikamkauka. Jua likapanda, jasho likanitiririka mgongoni, kanga ikalowa. Halafu kilio kikakatika, na mimi nikaliachia jembe.

"Limi! Mtazame!"

Limi alikuwa akinifuata kwa nyuma na kikombe. Akachungulia. "Anakulamba shingo, Baba."

Nikapiga magoti palepale kwenye tuta. Limi akampa kijiko. Nikasikia kooni mwake, karibu na sikio langu, akimeza. Akampa kingine. Marcel akaacha kucheka, akaichukua safu yangu akailima pamoja na yake. Kikombe kikaisha.

Tangu siku hiyo namfunga Jilala kila asubuhi, na Limi amerudi shule. Mtoto ameota meno mawili, na anayajaribu kwenye bega langu. Vicheko bado vipo, ila vimepungua.

Juzi jioni Limi alinifungua fundo, akainusa kanga muda mrefu.

"Inanuka wewe," akasema. Hakuirudisha kambani, akajifunika nayo. Halafu akaniuliza jambo.

Nilishafungua mdomo nimtaje Otmar, nimtaje na mganga wa ile zahanati ya kufuli, lakini alikuwa ananitazama mimi. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:

"Mayu alikuwa analima na mimi mgongoni, baadaye na tumbo la Jilala, na kuni anabeba yeye. Kumbe wewe ulikuwa unaweza, Baba. Mbona hukumpokea mzigo?"