Shati la Wendell Mgongoni mwa Mfarishi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele. Kwa miaka thelathini na minne mama mkwe wangu, Ardith, aliniita "mke wa Wendell." Si Nelda, jina nililobatizwa nalo katika kanisa lile lile analosali yeye. Mke wa Wendell, niletee kahawa. Mke wa Wendell, pai yako leo ina chumvi kama ya bahari. Mimi nilikuwa nikimeza, nikitabasamu, kisha nikienda zangu kumalizia hasira kwenye cherehani.

Na hiyo cherehani ndiyo ilikuwa ugomvi wetu mkubwa. Kaunti nzima hapakuwa na mkono kama wa Ardith kwa kudarizi mifarishi. Unaunga vipande vyako juu, unatia pamba katikati, chini unaweka kitambaa kimoja kipana, halafu unapitisha sindano kwenye tabaka zote tatu mpaka zishikane. Kila Alhamisi wanawake tulikaa kwenye chumba cha chini cha kanisa tukauzunguka mfarishi uliowambwa kwenye fremu, tukashona na kusema watu. Tukishaondoka, Ardith alibaki nyuma akafumua mishono ya wale ambao hakuridhika nao. Yangu aliifumua miaka kumi na mmoja mfululizo. Ndipo nikanunua cherehani, na yeye akatangaza mbele ya wote kwamba kudarizi kwa mashine ni sawa na kumwandikia mfiwa rambirambi kwa muhuri.

Halafu baridi yabisi ikamkamata vidole. Alhamisi moja sindano ikamdondoka mara tatu. Akaokota subana yake, akaitia mfukoni mwa aproni, akaenda nyumbani, na hakurudi tena kwenye fremu. Nyumbani kwake, ndani ya sanduku la mierezi, aliacha sehemu ya juu ya mfarishi mmoja: nyota ishirini alizozikata kwenye mashati ya mumewe, Orville, majira ya baridi yale baada ya kumzika. Nyota zilikuwa tayari zimeungwa. Kilichobaki ni kudarizi tu, na mikono ndiyo hiyo.

Mwaka huu binti yangu Britta akapata mchumba. Akaenda kwa bibi yake, nami nyuma yake, akapiga magoti mbele ya sanduku, akasema, "Bibi, mimi sitaki sahani wala masufuria. Nataka kulala chini ya mashati ya Babu."

Ardith alikipapasa kifuniko cha sanduku. Kisha akanigeukia mimi.

"Mke wa Wendell. Umalize kwa mashine yako. Lakini nikiuona uzi wa cherehani juu ya mashati ya Orville, hata mmoja, mfarishi unarudi sandukuni, na mtoto ataolewa na sahani."

"Hutauona, Mama," nikasema. Damu ilikuwa inanichemka, na nikiwa hivyo mdomo huenda mbele ya akili.

Njiani kurudi ndipo nilipofikiri. Mashati ya Orville yalikuwa ya buluu, kijivu, mistari, miraba, na moja la njano alilonunua siku alipolewa kwenye maonyesho ya kilimo. Uzi wa rangi gani utajificha kwenye yote hayo? Hakuna. Basi nikaenda dukani nikanunua uzi usioonekana, wa nailoni, mwembamba kuliko unywele. Ukiuinua juani unaona mng'ao kidogo, ukiuweka juu ya kitambaa unabaki unajiuliza kama umeuweka kweli. Kinachobaki ni vibonyeo tu, mabonde na vilima, kama kitambaa kimejikunja chenyewe kwa hiari yake.

Nikayashusha yale meno ya chuma yanayovuta kitambaa chini ya sindano. Meno yakishalala, hakuna anayekisogeza kitambaa ila wewe. Unavaa glavu zenye viganja vya mpira, unabandika viganja viwili huku na huku, unakanyaga, sindano inakwenda mbio, nawe unausukuma mfarishi chini yake unavyotaka: mbele, nyuma, mviringo. Ni kama karatasi ndiyo inayotembea, kalamu imesimama. Nilichora manyoya marefu yanayojipinda, yale yale ya Ardith, kwa kufuata kielelezo chake alichokikata kwenye boksi la nafaka mwaka Wendell alipozaliwa. Nilikikuta kabatini kanisani na sikumwomba mtu ruhusa.

Kosa langu ni moja, na ni la kiburi. Mtu mwenye akili huweka uzi usioonekana juu, na kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, anaweka pamba ya kawaida. Lakini Ardith huanza kukagua mgongo wa mfarishi kabla ya uso. Kwa hiyo nikaweka usioonekana juu na chini.

Wiki tatu nilidarizi. Siku nyingine nilisahau kupika, Wendell akala mkate na jibini amesimama, hakulalamika. Sijui kama niliwahi kufurahi hivyo nikiwa peke yangu chumbani. Alhamisi saa nne asubuhi, siku mbili kabla ya harusi, nikamaliza nyota ya mwisho, nikakaa nikacheka mwenyewe.

Wendell akachungulia mlangoni. "Nelda, lile shati langu jeupe liko wapi?"

"Lipi?"

"La harusi. Ulilipiga pasi juzi ukalitandaza kwenye meza hii."

Juzi nilikuwa nimelitandaza, kweli. Halafu nikatandaza mfarishi juu yake. Nikaupindua mfarishi taratibu. Shati la Wendell lilikuwa pale mgongoni, limenyooka, mikono imekunjuka, limedariziwa manyoya kuanzia kola hadi kiunoni. Kazi safi sana. Nilitaka sakafu ipasuke.

"Linaonekana vizuri," Wendell akasema.

"Wendell, toka."

Nikachukua kisu kidogo cha kufumulia, nikawasha taa zote, nikavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Sikuona kitu. Nilikuwa nimeuficha uzi hata kwangu mwenyewe. Kila nilipochoma kwa kubahatisha niligusa kitambaa, na upande wake wa pili kuna shati la marehemu; nikilitoboa, lingine halipo popote. Kufikia saa sita nilikuwa nimetoa mishono mitano, na nilikuwa nalia.

Kulikuwa na mtu mmoja tu kaunti hii aliyetumia maisha yake kunifumulia. Nikapiga moyo konde, nikaukunja mfarishi na shati lake ndani yake, nikauweka kwenye gari nikaenda kwa Ardith. Nilijua ninampelekea ushahidi dhidi yangu. Lakini Britta asingepata mfarishi uliotobolewa, na asingepata wenye shati la baba yake mgongoni.

Akaufungua mezani. Akaangalia mgongo kwanza, kama nilivyosema. Akaliangalia shati. Akanitazama kuanzia utosini hadi viatuni.

"Hili si la Orville."

"La Wendell, Mama."

"Wendell hajafa."

"Hajafa, Mama."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe mwanamke anacheka, mpaka akashika meza. Miaka thelathini na minne sikuwahi kumwona amecheka hadi meno ya bandia yakalegea. "Mwambie ajihadhari," akasema, akipangusa macho. "Nyumba hii, ukivua shati tu, umeingia kwenye nyota."

Kisha akaacha kucheka, akauinamia mfarishi. Alitafuta uzi. Akaupeleka dirishani, akaurudisha. "Siuoni," akasema, na kwa sauti yake nilisikia kwamba alikuwa na hamu ya kuuona.

Ndipo akanyoosha mkono wa kushoto. Wanaodarizi kwa mkono huweka kidole kimoja chini ya fremu, pasipoonekana, kingoje ncha ya sindano itokeze. Ndicho kinachosema sindano imefika. Kidole hicho cha Ardith kilichomwa miaka sitini. Kimepinda sasa, hakiwezi kushika hata kifungo, lakini alikiweka juu ya shati akakivuta polepole, macho yamefumbwa.

"Hapa," akasema. Nikaingiza kisu mbele ya ukucha wake. Uzi ukakatika, tak. "Na hapa. Hapa. Usiende mbio, mke wa Wendell, huu si mkutano wa siasa. Hapa."

Tulikwenda hivyo mchana kutwa, kidole chake na kisu changu. Mfarishi haukupata hata tundu. Shati lilipata moja, kwenye mkono wa kulia, kwa sababu nilikuwa nimejisahau namsikiliza. Kidole kilikuwa kimefika kwenye unyoya mkubwa wa katikati, kikasimama juu yake.

"Huu mzunguko," akasema, "ni wangu."

"Niliiba kielelezo chako kanisani."

"Umeufanya vizuri kuliko mimi pale kwenye pembe." Alisema kwa hasira kabisa, kama mtu anayeibiwa. 

Jua lilikuwa limeanza kushuka kwenye mahindi tulipomaliza. Ardith akauliza kama mtu asiyejali, "Na mikono unaiweka vipi kwenye hiyo mashine?"

"Bapa. Viganja tu, unasukuma. Hushiki kitu."

"Hushiki kitu."

"Hata kidogo, Mama."

Akachukua kikoti chake.

Nyumbani kwangu nikamvika glavu zangu, nikampa kitambaa chakavu. Mara ya kwanza sindano ilimkimbia akachora bata aliyegongwa na gari. Mara ya pili bata alikuwa mzima. Mara ya nne alitoa unyoya, umetetemeka lakini ni unyoya, na akauangalia mpaka nikaogopa kuvuta pumzi. "Viganja vyangu haviumi," akasema. Akarudia tena, kwa mshangao, "Nelda, haviumi."

Alisema hivyo. Nelda. Nadhani hakujisikia mwenyewe.

Kila mfarishi unahitaji lebo mgongoni, kuonyesha umetoka kwa nani. Shati la Wendell lilikuwa limeshaharibika, kwa hiyo nikakata mkono wake wa kulia, ule wenye tundu, nikapata kipande cheupe kizuri. Nikakiweka chini ya sindano. Uzi usioonekana ulikuwa bado umepita kwenye mashine.

"Ondoa hicho," Ardith akasema. "Tia mwekundu."

"Mwekundu utaonekana hadi barabarani, Mama."

"Ndiyo."

Akaandika mwenyewe kwa viganja, sindano ikigonga, herufi moja baada ya nyingine, kubwa na zilizopinda kama uzio wa zamani. Nilisimama nyuma yake. Jumamosi Wendell alikwenda kanisani na shati la buluu, na Britta akaupindua mfarishi mbele ya wageni wote akasoma kwa sauti. Lakini mimi niliyasoma kwanza, Alhamisi ile jioni, yakitoka chini ya sindano: Kwa Britta, kutoka kwa Ardith na Nelda. Alipofika kwenye jina langu hakuniuliza linaandikwaje. Alilijua herufi zote.